Bulo za Marseli

Nyinyi vijana mnaokaza ekru kwa mashine ya upepo, trrr, halafu mnajipangusa mikono kama mmetoka kula, hebu kaeni hapa kidogo. Nataka kuwaambia habari ya bulo, zile ambazo wengine wanaziita bolti, na ekru wanaiita nati. Najua mtacheka. Wazee wengine wanawaletea habari za vita na za mapenzi, na huyu bibi yenu anawaletea habari za vyuma vya kukazia magari. Lakini nimekula kwa bulo, nimesomesha watoto kwa bulo, na siku moja nusura nivuruge harusi ya watu kwa ajili ya bulo. Nikiikumbuka siku ile nacheka peke yangu jikoni, mpaka mkamwana wangu anakuja kuchungulia kama bado nina akili.

Hapa Kamembe walikuwa wananiita Zaina wa Bulo. Sikuanza nikiwa fundi. Baada ya yale yaliyotupata mwaka wa tisini na nne, wanaume wengi hawakuwepo tena. Wengine walikuwa kaburini, wengine ng'ambo, na mume wangu alikuwa katika wale ambao hakuna aliyeweza kuniambia wako wapi. Baba yangu mdogo, Mzee Hamisi, alikuwa na garaji nyuma ya msikiti, na kazi yake kubwa ilikuwa shasi, yaani ule uti wa mgongo wa gari ambao kila kitu kinakaa juu yake. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Akaniita akaniambia:

"Zaina, miye niko na akili, weye uko na macho. Tuunganishe, tupate fundi mumoja."

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa debe la bulo zilizochanganyika. "Zipange," akasema. Nikazipanga fupi kwa fupi, ndefu kwa ndefu, nikajiona nimemaliza. Akaja akazipapasa, akacheka, akazimwaga tena ndani ya debe.

"Umezipanga sawa viazi vya sokoni. Bulo inapangwa kwa tabia."

Basi nikaanza kujifunza tabia. Kuna bulo laini, za milango na vitanda, ambazo ukizibana kwa nguvu zinavutika kama uji mzito. Kuna bulo za kazi, ambazo kiwandani huandikwa namba kichwani, na ile namba inakuambia nguvu yake. Ukikuta 8.8, nane ya kwanza inakuambia itavumilia kuvutwa kiasi gani kabla ya kukatika, na nane ya pili inakuambia ni wapi itaanza kuvutika isirudi tena. Na kuna zile ngumu kupita zote, za mashine kubwa. Mimi, kwa ujinga wa mwanafunzi, nilizipenda hizo. Nikasema moyoni, kama ngumu ni nzuri, basi ngumu zaidi ni nzuri zaidi. Nikafunga springi za gari la mfanyabiashara mmoja kwa zile ngumu za mashine, bila kumwambia mzee. Gari likaenda Gitambi, likarudi likiwa limelala upande mmoja kama mtu mwenye jipu.

Mzee Hamisi akachukua kipande kilichokatika, akakipapasa kwa kidole gumba. "Ile laini inajikunja kwanza, inakupigia hodi," akaniambia. "Hii ngumu inaondoka bila kuaga. Kwenye springi unatafuta ya katikati, yenye kuvumilia na yenye kusema."

Hakunifukuza. Ila kwa muda mrefu kila mteja alipoingia, mzee alikuwa anamwambia, "Usiogope, leo amefunga kwa bulo zenye kusema."

Sasa sikilizeni habari yenyewe. Ilikuwa miaka ile watu waliokulia Kongo walikuwa wanarudi, halafu vita vikawaka kule walikotoka. Siku moja daraja la mto wa mpakani liko wazi, tunavuka kwenda Bukavu kutafuta vipuri. Siku nyingine limefungwa na tunasikia mizinga ng'ambo huku tunakunywa chai. Katika hao waliorudi alikuwepo Papa Silasi, mtu mpole, mwimbaji wa kwaya, mwenye suti moja na kamioneti moja ya mizigo. Kamioneti ilikuwa ya marehemu baba yake, ya zamani sana, yenye taa za mviringo na mabawa makubwa juu ya magurudumu. Ilivuka daraja ikisukumwa na watu. Baba yake alifia njiani kabla ya kuiona Rwanda tena, na Papa Silasi alikuwa na wazo moja tu: gari hilo litembee kama lilivyotembea zamani, na safari yake ya kwanza ndefu iwe ya kushuka Bugarama, kwenye harusi ya mpwa wake. Hiyo ingekuwa harusi ya kwanza ya ukoo wao tangu warudi.

Tukalifungua. Shasi ilikuwa imefungwa kwa ribiti za zamani, zile pini za chuma zinazopigwa zikiwa za moto, na nyingi zilikuwa zimelegea, zinacheza ndani ya matundu yake. Mtu wa kuchomelea aliyekuwa jirani yetu alitaka kuchoma kila kitu. Mzee Hamisi akakataa. Alisema shasi ile ilitengenezwa ipate kujinyonga kidogo njiani, na ukiichoma kila mahali itapasuka pembeni mwa mchomeleo. Tutaziondoa ribiti tuweke bulo.

Hapo ndipo mnapokosea siku hizi, nawaona. Mnachukua bulo yenye meno kutoka kichwani hadi mwisho. Ribiti inajaza tundu lote. Kwa hiyo bulo inayochukua nafasi yake lazima iwe na shingo laini, isiyo na meno, na hiyo shingo ndiyo ikae kwenye makutano ya vile vyuma viwili. Meno yaanze ng'ambo, yashike ekru tu. Ukiweka meno kwenye makutano, vyuma vitayala kidogo kidogo kama panya na sabuni, na siku moja utasikia ko-ko-ko chini ya miguu. Na tundu ulisafishe mpaka bulo iingie kwa kugongwa kidogo. Ikiingia yenyewe kwa furaha, tafuta nene zaidi.

Papa Silasi yeye alitaka bulo zinazong'aa. "Maman Zaina, baba yangu alikuwa muntu wa heshima. Uniwekee bintu bizuri."

"Papa Silasi, bulo si bangili," nikamwambia.

Hakusikia. Akaenda sokoni kwa Marseli. Marseli alikuwa kijana mnene, mchangamfu, mwenye meza ya bulo iliyopangwa vizuri kuliko sinia la vitumbua. Alikuwa ameanza biashara hiyo si zamani. Papa Silasi akarudi na mfuko wa bulo nyeupe zinazometameta, kila moja ina 8.8 kichwani. Akazimwaga mezani kwetu akiwa na uso wa mtu aliyeleta mahari.

Nikaishika moja. Kitu cha kwanza, herufi za kiwandani hupigwa pamoja na kichwa chenyewe, zimenyooka, na kando yake kuna alama ya aliyetengeneza. Zile za Marseli zilikuwa zimechimbwa kwa patasi, nane moja imesimama, nyingine imelewa. Papa Silasi alipoondoka, Mzee Hamisi akasema, "Tia moja kwenye jiliwa." Nikaibana, nikaivalisha kipande cha bomba, nikavuta. Ikajikunja kama mkia wa mbuzi, ikabaki hivyo. Nikaipitishia tupa, tupa ikala kirahisi: chuma laini.

"Mwizi," nikasema.

"Ao mujinga," akasema mzee.

"Ni mwizi, Baba. Nitamfundisha."

Sikumwambia Papa Silasi kitu, maana alikuwa na furaha sana na sikutaka kumvunja. Nilizitumia bulo zake kufunga kibao cha namba na vyuma vya turubai, mahali ambapo hata uzi ungetosha. Boksi la usukani, springi na makutano yote ya shasi nikafunga kwa bulo nilizozitoa mwenyewe kwenye maroli yaliyokufa kando ya barabara. Kila moja niliipitishia ekru kwa vidole tu, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hiyo nayo ishikeni: ekru ikikwama katikati wakati meno ni safi, bulo hiyo ilishavutika zamani. Itupe, hata kama inakuangalia kwa huruma.

Gari likakamilika. Papa Silasi akaniomba niende naye harusini, kwa kuwa ni safari ya kwanza. Nikamwambia nitaenda, ila Marseli aje pia, akae mbele na sisi.

"Sababu gani?"

"Ametupa bulo. Tumupe heshima."

Marseli akaja amevaa kanzu nyeupe yenye mstari wa kijani kibichi ubavuni, amejinyunyizia manukato mpaka harufu ya dizeli ikakimbia. Akakaa dirishani, mimi katikati, Papa Silasi kwenye usukani. Nyuma ilikaa kwaya nzima ikiongozwa na Maman Imakulata, mwanamke mwenye sauti ambayo ingeweza kusimamisha ng'ombe. Tukaondoka Kamembe wakiimba, watoto wanatukimbilia, na ile kamioneti inanguruma kama mzee aliyepewa mke.

Nilisubiri mpaka barabara ilipoanza kuteremka upande wa Gitambi, pale unapoona bonde la Bugarama liko chini kabisa, na mashamba ya mpunga yanang'aa kama vioo.

"Marseli," nikasema taratibu, "zile namba unajua maana yake?"

"Ya bulo? Iko ukubwa, Maman."

"Haiko ukubwa. Iko nguvu." Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyinyi, kwa utulivu, kama naeleza namna ya kupika ndizi. Nikamwambia kwamba laini ikiandikwa 8.8 ya uongo, inavutika, halafu inakatika. Tukapita kona ya kwanza. Marseli akaacha kutazama dirishani.

"Na… bulo za kwangu ziko wapi, Maman?"

"Hapo mbele ya miguu ya Papa Silasi. Zimeshika boksi la usukani."

Nilitegemea aseme uongo. Nilitegemea acheke, abishe, ajifanye hajali, halafu nimkamue mpaka chini. Badala yake alipiga ukelele ambao sijausikia tena maishani.

"Simamisha! Papa Silasi, simamisha gari! Tunakufa!"

Sasa, hesabu yangu ilikuwa na tundu moja. Papa Silasi naye alikuwa anaamini kwamba zile bulo ndizo zimeshika usukani wake. Akakanyaga breki kwa miguu yote miwili. Nyuma wimbo ukakatika katikati ya jina la Mungu, na nikasikia kwaya nzima ikibiringika kuja mbele, sauti ya kwanza juu ya sauti ya pili. Papa Silasi akaruka nje. Marseli akaruka nje. Wanakwaya wakamwagika barabarani na majoho yao, na mimi nikabaki peke yangu ndani ya gari nikicheka mpaka machozi.

Maman Imakulata akaja dirishani, kilemba kimemfunika jicho.

"Weye unacheka nini?"

"Maman, ni mzaha. Bulo ziko nzima. Zile mbaya nimefunga kibao cha namba."

"Mzaha," akasema. Akawageukia wenzake. "Anasema ni mzaha. Nani anapanda?"

Hakuna aliyepanda. Nikaapa. Wakaniangalia. Nikaapa tena. Mmoja akaanza kuvua viatu ili atembee. Harusi ilikuwa inatusubiri chini.

"Uingie chini utuonyeshe," akasema Maman Imakulata. "Na huyu mwenye manukato aingie pia."

Basi nikaingia chini ya gari na kitenge changu kipya, kwenye lile vumbi jekundu, na Marseli akajisukuma kando yangu na kanzu yake nyeupe. Nikamwonyesha moja baada ya nyingine: namba iliyonyooka, alama ya kiwanda, shingo imekaa kwenye makutano, meno yako nje. Akaigusa moja kwa kidole kama anagusa mtoto aliyelala.

"Maman Zaina, haki ya Mungu sikujua. Miye nilikuwa nauzisha viatu kule Uvira. Vita ikala viatu byote. Nikaanza bulo. Bantu bakaja, banauliza, 'Hauna zenye namba?' Nikasema, sawa, kama banapenda namba, nitabawekea namba. Kiatu kiko na namba, na bulo nayo iko na namba."

"Kwa nini 8.8?"

"Ndiyo banauliza sana. Na ukiigeuza juu chini, inabaki ile ile, haiharibiki. Bantu banene nilibapigia arobaini na mbili."

Nilicheka mpaka kichwa changu kikagonga shasi ya Papa Silasi. Lakini Marseli hakucheka. Alikuwa amelala pale anatazama juu, na niliona midomo yake inataja majina. Alikuwa anakumbuka aliowauzia. Mwenye mashine ya kusaga. Mwenye mkokoteni. Mwalimu aliyefunga kitanda. Halafu akanishika mkono.

"Maman. Juzi nilimuuzishia shofa wa Bugarama. Gari ya nyeupe. Alisema usukani unacheza, na siku ya leo iko na kazi."

"Kazi gani?"

"Kubeba bibi-arusi."

Hapo mzaha ukaisha. Tulitoka chini ya gari kwa pamoja, yeye kushoto, mimi kulia. Nikamwambia Maman Imakulata maneno machache tu, na yule mwanamke ambaye alikuwa amekataa kupanda akawa wa kwanza kupanda. "Bote, ndani!" akasema, na wakapanda bila kupanga sauti. Papa Silasi aliteremka mlima ule kwa namna ambayo baba yake, nadhani, alikuwa amemkataza. Kamioneti ilipita kona zote bila kutikisika, na mimi hata kujisifu sikukumbuka.

Tulikuta bibi-arusi ameshakaa kwenye gari jeupe, shela limejaza kiti chote cha nyuma, shofa anapiga honi, wanawake wanapiga vigelegele. Kanisa lilikuwa mbali kidogo, upande wa Ruhwa, barabara ina korongo kushoto. Papa Silasi akasimamisha kamioneti mbele ya gari lile, pua kwa pua. Nikaruka chini na spana.

"Zima gari," nikamwambia shofa.

"Weye ni nani?"

"Zima tu, mwanangu."

Alitaka kubisha, lakini Maman Imakulata alikwishafika mlangoni kwake. Akazima. Nikalala chini, kitenge changu hakikuwa na cha kupoteza tena, nikapata zile bulo zinazometameta kwenye boksi la usukani. Moja haikuwepo kabisa, tundu lilikuwa tupu. Ya pili nikaivalisha spana fupi, nikaigeuza kwa mkono mmoja, wala si kwa nguvu. Shingo ikajinyonga, kichwa kikaniangukia kiganjani.

Nikatoka, nikakionyesha. Vigelegele vikakoma kimoja kimoja, kuanzia karibu mpaka mbali. Mama wa bibi-arusi, dada yake Papa Silasi, akaja akakichukua. Alikuwa mwanamke mwembamba ambaye alikuwa amezika watu pande zote mbili za mto. Akakigeuza kwenye kiganja.

"Nani aliuzisha hii?"

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo tangu siku ya jiliwa. Nilifungua mdomo, nikakumbuka kwamba hakujua, nikaona siwezi kumtaja. Shofa naye alikuwa anatafuta kwa macho katikati ya watu.

"Ni miye," Marseli akasema. Akasogea mbele na kanzu yake yenye vumbi. "Sikujua, Maman. Lakini ni miye."

Yule mama akamtazama kuanzia kichwani hadi viatuni. Nilidhani atampiga, na kusema kweli asingekosea.

"Leo," akamwambia, "utakula wa mwisho."

Bibi-arusi akaingia kwenye kamioneti ya babu yake, kati ya Papa Silasi na mama yake. Papa Silasi aliendesha akilia mpaka nikawa na wasiwasi kama anaiona barabara. Sisi wengine tulitembea nyuma yao na kwaya. Na Marseli kweli alikula wa mwisho, amesimama karibu na masufuria, na yule mama mwenyewe ndiye aliyempakulia, wali mwingi na nyama.

Kesho yake asubuhi alikuja garajini na gunia lake lote, akalimwaga mbele ya Mzee Hamisi. Mzee akazipapasa, akafika kwenye ile ya arobaini na mbili, akaniuliza nimsomee. Nikamsomea. Alicheka mpaka akakosa pumzi, halafu akamwambia Marseli achukue debe, aketi, apange kwa tabia.

Akiwa nasi alizunguka mji mzima na Rwimbogo na Gitambi akirudisha bulo zake. Alikuwa anabisha hodi, anaomba radhi, anafungua mbovu, anafunga nzima, kwa mali yake mwenyewe. Mwalimu wa kitanda alikataa, akasema kitanda chake hakijawahi kunyamaza vizuri hivyo, tukamwachia. Mwenye mashine ya kusaga alimfukuza kwa mwiko, Marseli akarudi wiki iliyofuata, akafukuzwa tena, akarudi.

Mwishowe alibaki mtu mmoja, mwenye gari la kubeba ndizi, ambaye alikuwa amevuka mpaka kuingia Burundi. Marseli akateremka Ruhwa kumsubiri. Akakaa kule, analala kwa jamaa, kila asubuhi yuko mpakani na spana mfukoni, mpaka gari lile lilipotokea. Dereva akaingia ofisini kupiga mihuri yake, na Marseli, hana hata subira ya kumngoja atoke, akajisukuma chini ya gari.

Askari wa mpakani akaona miguu miwili. Akaivuta.

"Unaiba nini hapo?"

"Siibi, Afande. Ninarudisha."

Yule askari akainama, akaangalia. Akaona bulo ya zamani iliyopinda kwenye mkono mmoja wa Marseli, na mpya yenye mafuta kwenye mkono wa pili. Akamwita mwenzake aje aone. Marseli mwenyewe ndiye aliyenisimulia, na alikuwa anaigiza sauti yake vizuri sana.

"Nimefanya kazi mpakani miaka mingi," yule askari akasema. "Nimekamata wa kila namna. Huyu ni mwizi wa kwanza ninayemuona anaacha mali nzuri kuliko aliyoikuta."

Kisha akaiachilia miguu, akamshikia tochi.